Ulimi wa Tano wa Basoni

Kwa riziki Dieudonnée alikuwa mshonaji, kwa furaha alikuwa mpiga basoni, na katika jambo hili la pili hakuwa na mshindani Kasongo nzima, kwa kuwa basoni mjini ilikuwa moja tu na ilikuwa yake.

Ni bomba la mti, hiyo basoni. Ukiunganisha vipande vyake vinne, akiishika kuipiga inampita mwenyewe kichwa. Imejaa vidude vya chuma vya kubonyeza, na ubavuni inachomoza kijibomba chembamba kilichopinda, ambacho mpigaji anakielekeza mdomoni. Sauti yake ni nzito bila kutisha, kama ya mzee mnene anayecheka chakula kingali mdomoni. Dieudonnée alijifunza kuipiga Kinshasa, alikokaa miaka tisa akishona. Jirani yake, Papa Célestin, alikuwa mpigaji katika okestra. Alimsikia akiimba juu ya cherehani, akasema sikio kama lile lisiachwe liharibike kwa kelele ya sindano, akaanza kumfundisha. Mama yake Dieudonnée alipougua na ikabidi arudi nyumbani kumtunza, Papa Célestin alimpa basoni yake ya zamani. Alisema chombo kisichopigwa huoza, na yeye hakutaka kuoza pamoja nacho. Kwaya ya parokia ya Kasongo ikaipokea. Watoto wakaiita "bomba ya Mama Dieu", na jina likashika.

Lakini basoni haisemi yenyewe. Inasema kwa ulimi, ule ambao wenye Kifaransa wanauita anshi: vipande viwili vya tete vilivyolazwa uso kwa uso, vikafungwa kwa waya tatu na uzi mwekundu, kisha ncha yake ikakwaruzwa mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mpigaji anaubana kwa midomo, pumzi inapita katikati, zile kuta mbili zinatetemeka, na hapo ndipo sauti inazaliwa. Ulimi mbaya unaweza kumfanya fundi aonekane mjinga mbele ya watu. Ulimi mzuri nao hauishi. Baada ya majuma machache unachoka, unakufa, unataka mwenzake.

Kwa miaka sita Papa Célestin alikuwa akimtengenezea na kumtumia. Ndimi zilipanda ndege hadi Kindu, na kutoka Kindu zikaja mfukoni mwa mtu yeyote mwaminifu aliyekuwa na safari ya Kasongo. Zilifika zimekamilika, kazi ya Dieudonnée ilikuwa kuzilowesha na kupuliza. Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, kifurushi kilifika kama kawaida, lakini alipokifungua alikuta ndimi tano butu, nene, ncha zao bado zimeungana kama mdomo wa mtu aliyenuna. Waya zilikuwepo, uzi ulikuwepo. Kukatwa na kukwaruzwa, hapana.

Ujumbe wa sauti ulikuwa unamngoja kwenye simu.

"Binti yangu," alisema Papa Célestin, "macho yangu yamechoka. Kufunga waya naweza hata nikiwa nimefumba, lakini kukwaruza kunataka macho. Nimekutumia tano. Fanya polepole. Kupunguza utaweza, kurudisha hautaweza. Na usinirudishie, maana nitakurudishia tena."

Juma hilo hilo Marcelline akapiga simu kutoka Kabambare. Huyo alikuwa rafiki yake tangu shule ya masista, na binti yake, Sonia, alikuwa mtoto wa ubatizo wa Dieudonnée. Sonia alikuwa anaolewa na mwalimu mmoja anayeitwa Pacifique, Jumamosi ya juma la tatu kuanzia hapo.

"Amesema anataka bomba yako ndani ya kanisa," Marcelline alisema. "Amesema bila hiyo hatoki nyumbani. Namujua. Hatatoka."

"Nitakuja nayo," alijibu Dieudonnée, na alipokata simu alizitazama zile ndimi tano mezani kama mtu aliyeahidi mchuzi kabla ya kuwinda.

Ulimi wa kwanza aliukata ncha kwa mkasi wake wa kitambaa. Mkasi ulikuwa mzuri, ila kitambaa hukubali kusukumwa na tete halikubali. Ulikatika mshazari. Akasawazisha, ukapungua, akasawazisha tena, ukapungua tena, mpaka ukabaki mfupi kama ukucha, na alipoupuliza ulitoa mlio mmoja mkali wa juu kabisa, mbwa wa jirani akainuka kivulini akaenda zake. Wa pili aliukwaruza kwa wembe bila kuulowesha, ukapasuka kutoka nchani hadi kwenye waya. Wa tatu aliushughulikia siku nne, jicho moja limefumba, pumzi ameishikilia kana kwamba anamtoa mtoto mwiba. Huo ulisema. Sauti za kati zilikuja, za juu zilikuja zikilalamika, na za chini hazikuja mpaka zibembelezwe. Si haba. Aliuweka ndani ya kikopo cha vidonge pamoja na wa nne na wa tano ambazo hakuthubutu kuzigusa. Alijiambia zile mbili ni akiba, ingawa alijua vizuri kwamba akiba ya namna hiyo ni mpunga ambao haujatwangwa.

Jumatano kabla ya harusi alipanda piki ya Blaise. Blaise alikuwa baba wa watoto watano, na alikuwa akiendesha katika njia ya Kabambare tangu siku ambazo bado iliweza kuitwa njia. Sanduku la basoni lilifungwa nyuma kwa mipira, nguo za sherehe zikafungwa mbele juu ya tangi, na Dieudonnée akakaa katikati kama mzigo wa tatu. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza mashimo. Mahali pengine walishuka wakasukuma. Mahali pengine Blaise alipita peke yake juu ya magogo huku yeye akivuka kwa miguu, sanduku kichwani, viatu mkononi.

Mbele ya kijiji cha Lusangi walikuta kamba imevutwa katikati ya njia. Wanajeshi watatu walikuwa kwenye kibanda cha majani, na mkubwa wao, mwenye miwani ya jua, akalielekezea kidole lile sanduku refu jeusi.

"Mama, iko nini humo ndani?"

"Basoni, shefu."

"Hiyo ni silaha ya namna gani?"

"Haiko silaha. Iko ya muziki."

Akaombwa afungue. Vile vipande vinne vilipoonekana, mti mweusi na chuma kinachong'aa, wale wanajeshi wawili walirudi nyuma hatua moja. Mkubwa wao hakurudi. Aliinama, akachungulia tundu la kipande kinene kuliko vyote, akanyanyuka.

"Muziki," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mamba anakula majani. "Basi ipige tusikie."

Dieudonnée aliutia ulimi wa tatu mdomoni ili ulowe, akaunganisha bomba taratibu, akapitisha mkanda shingoni. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanatoka kwenye mashimo yao, koleo begani, wakasimama. Akina mama wawili wenye vikapu vya muhogo nao wakasimama. Alichagua wimbo wa kutwangia mpunga, kwa sababu ni wimbo ambao hauhitaji kwenda chini sana. Wale mama waliutambua kabla hajafika katikati. Mmoja akaanza kutikisa bega bila kushusha kikapu, wachimbaji wakaingia na makofi, na komanda akavua miwani yake. Macho yake yalikuwa ya mtu mdogo kuliko Dieudonnée alivyodhani.

"Nipe na miye nijaribu," alisema.

Mtu aliyeshika kamba hanyimwi. Dieudonnée alimwelekezea kijibomba, akamwambia abane kwa midomo tu. Labda hakusikia, labda alisikia akaona neno lenyewe halimhusu mwanaume. Aliuingiza ulimi wote kinywani, akauma kama anayeuma muwa. Kila mtu pale alisikia mlio wake.

Komanda aliutoa, akautazama.

"Imevunjika?"

"Imevunjika, shefu."

"Miye nilifikiri mutu anatafuna kidogo ndiyo itoke sauti." Alivaa miwani yake tena. "Unisamehe, mama. Unaenda nayo wapi?"

"Kabambare. Kwenye ndoa."

Komanda alikwenda mwenyewe kuishusha kamba, na kabla hawajaondoka aliwaletea mananasi mawili kutoka kibandani, akayafunga kwenye piki kwa mikono yake, akiyakaza zaidi ya ilivyohitajika.

Blaise alivumilia kilometa kama kumi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, piki ikaanza kuyumba, na Dieudonnée, aliyekuwa amekaa nyuma akiwaza namna ya kumweleza Sonia, akajikuta naye anacheka mpaka machozi. Walisimama pembeni wakala nanasi moja. Lakini kicheko kilipoisha, hesabu ilibaki pale pale. Ndimi mbili, hazijaguswa, na siku mbili.

Sonia alimpokea kwa kumrukia shingoni. "Mama Dieu, umeileta?" Dieudonnée alimwonyesha sanduku, akasema imefika salama. Haukuwa uongo. Sanduku lilikuwa limefika salama kabisa.

Alhamisi asubuhi alijiondokea kimyakimya, akakaa kwenye kibaraza nyuma ya nyumba ya Marcelline, bakuli la maji miguuni, wembe mkononi, ulimi wa nne kati ya vidole. Safari hii aliulowesha. Aliukata ncha kwa wembe, ukakatika vizuri. Akakwaruza, akapuliza, akakwaruza. Ukaanza kunong'ona. Akaona bado kidogo tu, kwenye kona ya kushoto, akasukuma, wembe ukakwama kwenye unyuzi wa tete, ukaruka, na kona yote ikaondoka nao.

Hakulia. Aliuweka ulimi juu ya goti lake, akautazama.

"Mwanangu," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya ua, "hiyo kitu imekukosea nini?"

Alikuwa Mama Rehema, jirani wa Marcelline, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani na kuzungukwa na rundo la kekele, zile kamba za msituni zinazosukwa viti. Nusu ya viti vya Kabambare vilitoka mikononi mwake. Wanaokalia viti vya ofisi walikalia vyake, na padri alikalia chake, na siku ya Idi shehe alikalia chake. Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri, kisu kikipanda na kushuka, kekele nene ikigeuka ukanda laini usiopishana unene popote, na wakati wote huo alikuwa anamtazama huyu mgeni akipigana na kitu kidogo kuliko kidole.

Dieudonnée alimsimulia yote, kuanzia macho ya Papa Célestin hadi meno ya komanda. Mama Rehema alicheka mahali pa komanda, ila alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Kisha akanyoosha mkono juu ya ua.

"Lete iliyokufa nione."

Aliupapasa ulimi wa nne kwa kidole gumba, akauinua juani akiangalia mwanga unavyopita, akauliza umefanyiwa kazi kwa kisu gani. Dieudonnée akampa wembe. Mama Rehema aliupitisha juu ya mkono wake. Hakuna unywele ulioanguka.

"Hii haiko kisu," alisema. "Hii ni kijiko. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inapasua. Kisu kikali hakiombi mutu kitu. Zunguka, kuja huku."

Alitoa jiwe jeusi la mtoni lililochimbika katikati kwa miaka ya kunolewa, akalimwagia maji, akanoa kisu chake kidogo chenye mpini wa mti. Alinoa kwa muda ambao Dieudonnée aliona umezidi, kisha akanoa tena. Halafu hakugusa ulimi wa tano. Alimkabidhi Dieudonnée ule wa nne, uliokwisha kufa.

"Anza na hii. Maiti haiogopi."

Asubuhi nzima alimfundisha kupitisha kisu. Kisu hakisukumwi, kinalazwa. Kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kinachotembeza mgongo wa kisu, ule wa kulia unashika tu. "Kama mama anavyomupanguza mutoto uso," alisema. "Humusukumi, humuvuti. Unapita." Mara ya kwanza Dieudonnée alitoa kipande. Mara ya kumi alitoa unga. Kufikia adhuhuri, Mama Rehema alipoondoka kuswali, ulikuwa unatoka unga tu, mweupe, kama wa muhogo mzuri.

Ijumaa walikaa na ulimi wa tano.

Waliuacha ndani ya maji kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mama Rehema aliulaza juu ya kipande cha ubao, akaweka makali ya kisu juu ya alama ambayo Dieudonnée alikuwa ameichora kwa penseli, akagonga mgongo wa kisu kwa nyundo ya mti, mara moja. Ncha ikaruka. Mdomo wa ulimi ukafunguka, mwembamba na ulionyooka, na Dieudonnée akajua tayari kwamba huu ni mzuri kuliko zile zote nne zilipofikia hapo.

Katikati ya kuta zile mbili waliingiza kibati walichokikata kutoka kopo la maziwa, ili kisu kikipita juu kisiumize chini. Mama Rehema akaanza. Upande wa juu mara tano, geuza, upande wa chini mara tano. Baada ya kila mizunguko miwili alimpa Dieudonnée apulize ulimi peke yake, bila bomba. Mwanzoni ilitoka pumzi tu. Halafu kikatoka kimluzi. Halafu mluzi ukanenepa, na hatimaye zikatoka sauti mbili kwa pamoja, moja nyembamba na nyingine ya kukwaruza chini yake: ule mlio ambao Papa Célestin alikuwa akiusubiri kwa kichwa kilichoinama kila alipomaliza ulimi, na ambao yeye alikuwa akiuita kuwika.

Nyuma ya jiko la Marcelline jogoo aliyekuwa amefungwa mguu akingoja Jumamosi aliinua shingo, akajibu.

"Anafikiri kuna mugeni," alisema Mama Rehema.

Dieudonnée alipuliza tena. Jogoo akajibu tena, kwa hasira zaidi. Marcelline akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia ni jogoo wa nani aliyeingia, na ikabidi waache kazi kwa kitambo, maana huwezi kushika kisu kikali huku tumbo linatikisika.

Kisha wakaunganisha basoni. Sauti za juu zilikuja zenyewe. Za kati zilikuja tamu. Alishuka, akashuka, na kwenye zile nne za mwisho chini kabisa ulimi ukakataa. Ilitoka hewa, na ndani ya hewa kitu kama mtu anayesafisha koo.

"Punguza," alisema Dieudonnée, akimrudishia.

Mama Rehema hakupokea. "Wapi?"

"Sijui. Chini haitoki."

"Miye juu na chini kwangu ni moja. Mukono wangu unafika hapa. Kisu, shika weye."

"Ni wa mwisho, Mama Rehema. Kesho ni harusi."

"Najua. Nimealikwa."

Dieudonnée aliuinua ulimi juani. Mwanga ulipita kwenye tete, rangi ya mafuta ya mawese yakianza kupata moto, ukaonyesha umbo kama upinde. Aliutazama muda mrefu. Upande wa kulia mwanga ulishuka sawasawa. Upande wa kushoto, chini kidogo ya ncha, kulikuwa na kiwingu, si kikubwa kuliko punje ya ulezi. Alichukua kisu. Alikilaza, akapita mara moja, akapita mara mbili, akapita mara tatu. Unga. Akapuliza; koo likawa limesafishika nusu. Akaweka kisu chini, akanywa maji, akazunguka ua mara moja kama Papa Célestin alivyokuwa akifanya pale mkono unapotaka kwenda mbele ya akili. Akarudi, akapita mara mbili tu. Kiwingu hakikuwepo tena.

Bado mdomo wa ulimi ulikuwa umebana. Hilo alilijua, hilo alikuwa amelitazama mara mia likifanywa. Alichukua pinsi, ile ya kubania waya, akaminya waya wa kwanza kutoka ubavuni, kidogo kuliko unavyominya tunda kujua kama limeiva, na kuta mbili zikaachana taratibu kama midomo ya mtu anayetaka kuuliza swali.

Alishuka tena. Sauti ya mwisho ya chini ilitoka nzima, pana, ikapita ndani ya kibaraza na ndani ya miguu yao, na vikombe vya wageni ambavyo Marcelline alikuwa amevipanga juu ya meza vikaimba. Sonia alitoka nyumbani mbio, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama, akakaa chini mavumbini, akaegemeza sikio kwenye mti wa basoni kama alivyofanya alipokuwa na miaka kumi na mitano. Hakuna aliyemwambia kuhusu mavumbi.

Mama Rehema alikuwa anafuta kisu chake kwa pindo la kitenge. "Kumbe ndiyo hiyo ulikuwa unatafuta," alisema. "Iko kama kiboko akipumua. Nzuri."

Mvua ilinyesha usiku, na Jumamosi asubuhi hewa ilikuwa nzito na maji. Mbele ya kanisa, kwaya ikiwa imeshajipanga, Dieudonnée alijaribu ulimi akakuta umevimba, mdomo umefunguka kupita kiasi, sauti imekuwa ya kitoto kilichonona. Juma moja nyuma angekaa chini alie. Alitoa pinsi kwenye mkoba wa sherehe, akaminya ule ule waya, safari hii kutoka juu na chini, ukajifunga kidogo. Akapuliza. Akaminya tena. Kiongozi wa kwaya, bwana Yves, alikuwa anamtazama kama anayemtazama mtu anayetengeneza piki mlangoni mwa kanisa.

"Iko tayari?" aliuliza.

"Sasa iko tayari."

Sonia aliingia akishikwa mkono na baba yake. Mwanzoni basoni ilikuwa peke yake, ikipiga hatua za chini, moja kwa kila hatua ya bibi harusi, na Sonia, aliyelijua hilo, akatembea polepole kuliko bibi harusi yeyote aliyewahi kuonekana katika kanisa lile, ili asiimalize mapema. Baba yake alijaribu kumvuta akashindwa. Halafu kwaya ikaingia juu ya zile hatua, akina mama wakapiga vigelegele, na Pacifique, ambaye alikuwa ameapa mbele ya wenzake walimu kwamba hatalia, alishindwa mapema kabisa. Katika benchi la mwisho Mama Rehema alikuwa amekaa wima katika mtandio mweupe, mikono imetulia juu ya magoti, akisikiliza kwa uso wa mtu anayekagua kiti.

Walikula, walicheza mpaka jua likazama. Watu walikuja kumshika Dieudonnée mkono. Mama Rehema alikuja mwishoni.

"Ile ya tatu kutoka chini," alisema, "bado inatumia pua."

Dieudonnée alifungua mdomo akanushe, akakumbuka, akaufunga. Kweli ilikuwa inatumia pua.

Jumatatu asubuhi, kabla ya safari, walikaa tena pale uani, ulimi juani, wakakitafuta kiwingu kingine wakakipata. Mkwaruzo mmoja tu, wa Dieudonnée. Kisha mtandao ulipokuwa mzuri alimpigia Papa Célestin, akampigia kipande cha wimbo, kutoka juu hadi chini kabisa, akangoja.

Papa Célestin aliomba zile za chini mara ya pili, akapigiwa.

"Nani amekwaruza huo?" aliuliza Papa Célestin.

"Sisi wawili. Miye na Mama Rehema wa Kabambare. Anasuka viti."

"Anasuka viti." Alisikika akikalia kitu. "Mpe simu."

Mama Rehema aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na sikio. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana afya, watoto, mvua. Kisha Papa Célestin akataka kujua kisu kinanolewa kwa jiwe la namna gani, na akaambiwa, na akasema lile jiwe ni laini mno kwa tete. Mama Rehema akasema kwa heshima zote kwamba baba hajaliona jiwe lenyewe. Papa Célestin akasema hahitaji kuliona. Mama Rehema akavuta kigoda, akakaa.

Blaise alikuwa amekwisha kufunga sanduku na alikuwa anapasha piki moto. Dieudonnée alimfanyia ishara azime injini, kwa sababu walikuwa bado wanaongea mambo ya jiwe na hawajafika kwenye namna ya kushika kisu. Akachukua upande mmoja wa kekele ya Mama Rehema iliyoachwa nusu, akakinoa kile kisu kidogo mara mbili tatu, akaanza kuikwaruza taratibu, unga mweupe ukimwangukia magotini.